Kidirisha cha Kidosho

Shangazi yangu alikuwa mlishaji wa tumbili katika kituo cha utafiti, na kipenzi chake alikuwa jike mmoja aliyempa jina la Kidosho. Mumewe alipohamia kwa mwanamke mwingine, Kidosho ndiye aliyebaki wa kumchangamkia asubuhi. Nyumbani tulichoka kusikia habari za huyo tumbili.

Mtafiti alikuwa akimweka Kidosho ndani ya sanduku la mbao lenye vidirisha viwili. Tumbili akisukuma kimoja kinafunguka, anachungulia kidogo, kisha kinajifunga chenyewe. Akitaka kuona zaidi, asukume tena. Hivyo ndivyo walivyojua anapenda kutazama nini. Siku moja nje ya kidirisha kimoja aliketi shangazi, na nje ya kingine mfagizi mpya mwenye kilemba chekundu.

Kidosho alisukuma cha mfagizi mpaka mkono wa mtafiti ukachoka kuandika. Cha shangazi alikigusa mara moja tu, kama anayetoa salamu ya lazima.

Shangazi alirudi nyumbani amevimba. Kwa wivu alisukuma sahani ya chakula pembeni. Alisema yule mfagizi hajawahi kummenyea Kidosho hata ndizi moja, kazi yake kujitia kilemba na kukodolewa macho. Nikamwambia aliyemkodolea ni tumbili. Alinitazama kama nimemtukana.

Kesho yake alininyang'anya kitambaa changu cha njano na rangi yangu ya mdomo, akanikokota nikashuhudie. Mtu mzima na heshima zake, anajipamba kwa ajili ya tumbili.

Basi ikawa zamu ya mfagizi kusahauliwa. Kidosho alisukuma kidirisha cha shangazi, kikajifunga, akasukuma tena na tena. Shangazi kwa furaha akashindwa kujizuia, akamwita kwa sauti ile ya kila asubuhi. Kidosho akatulia. Akasukuma mara ya mwisho, akamtazama vizuri, kisha akajikunja palepale chini ya kidirisha, akalala.

Mfagizi alibana kicheko. Mtafiti, mtu mpole, akaweka kalamu chini.

"Usisikitike, mama. Asiyemjua ndiye anayemchunguza. Wewe anakuamini, ndiyo maana amelala."

Shangazi akajifuta rangi ya mdomo kwa kiganja.

"Hata mume wangu," akasema, "kwangu alikuwa analala vizuri sana."