Moto Niliowasha Uani Kwangu

Skuli niliishia darasa la tano, na nalisema bila haya, maana waliosoma wapo hapa Barking, mashariki ya London, wananiomba kazi. London nilianza kwa kuosha masufuria, nikabeba matofali, nikajifunza useremala kwa macho tu. Nilipofika miaka arubaini nilikuwa na magari matatu ya kazi na ua mrefu kuliko wote mtaani.

Ndiyo maana mwaka ule nikasema moto wa Novemba utawashwa kwangu.

Waingereza wana siku yao. Hurundika kuni, juu wakamweka mtu wa matambara, ati ndiye aliyetaka kulipua bunge lao zamani, wakamchoma huku fataki zikipasuka angani. Mie siku hiyo naipenda, sifichi. Uso unaungua, mgongo unatetemeka kwa baridi, na juu ya mapaa kunamwagika nyekundu na kijani. Ubaya wake ni mshindo. Mke wangu alikuwa mtoto mdogo Unguja wakati wa Mapinduzi, bunduki zikilia, na mpaka leo fataki ya kwanza ikilia huweka kiganja kifuani.

Jirani yangu, mzee wa Kiingereza, alikuwa akinisimulia mioto yake ya ujanani. Nikamkatiza.

"Nyinyi mnachoma matambara. Kwetu Unguja, Makunduchi, siku ya Mwaka Kogwa, mwaka wetu mpya, tunamtia mtu mzima kibandani, tunawasha, na anatoka."

Mzee akacheka. "Hilo nitataka kuliona."

Sikulala mpaka nimpate wa kuingia. Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, aliwahi kuingia mara mbili kule Makunduchi, akatoka anacheka. Akakubali kabla sijamaliza kumweleza.

Kule kibanda ni vijiti na makuti. Aliyekosa mlango hupiga bega tu, ukuta ukafunguka. Mie makuti sina, nina paleti za kazini, zile fremu za mbao za kupakilia matofali. Nikazisimamisha, nikazipiga misumari ya inchi nne, nikazitikisa. Hazikutikisika. Shemeji akazunguka akigonga kwa ngumi.

"Shemegi, hiki cha kuchoma au cha kupangisha?"

"Kazi yangu hailegei," nikamjibu, na nilifurahi kusema hivyo.

Mlango nilimwachia nyuma, upande wa ukuta wa jirani.

Saa kumi na mbili jioni giza lilikuwa limeshaingia na ua umejaa. Hapa desturi ni kila mtu kuja na chake cha kuchoma: viti vilivyovunjika, milango, vitanda. Wakawa wanaegemeza kila upande. Mie nilikuwa mbele nahutubia. Shemeji akazunguka nyuma, akainama, akaingia, nami bado nahutubia. Nikamwaga mafuta ya taa, kwani kuni zilikuwa na maji, nikawasha. Papo hapo mzee akaanza kurusha fataki zake.

Kule kwetu mtu hutoka kabla hujahesabu kumi. Nikahesabu kumi. Nikahesabu tena. Watu wanapiga makofi, anga inapasuka, ndimi za moto zimeshafika juu.

Mke wangu akanishika mkono. "Mdogo wangu yuko wapi?"

"Anakutisha tu huyo."

"Wallahi hatanii kwenye moto. Kazunguke nyuma!"

Nikazunguka. Mlango haupo. Pale nilipouacha palikuwa na sofa, kuukuu, la watu watatu, limeegemezwa barabara. Mzee akanifuata na kiberiti mkononi.

"Hili nani kaliweka?"

"Mimi na mwanangu. Tuliona pengo, tukaliziba."

"Mna mtu ndani!"

Uso ukamsawijika. Kumbe siku zote alidhani natania.

Nikalivuta. Lilikuwa limelowa mvua, zito kama ng'ombe mfu, na sponji yake imeshaanza kutoa moshi mweusi unaokaba. Shemeji bila shaka alikuwa akiita, lakini fataki zilikuwa zikilia na sikusikia hata neno. Nilichokiona ni vidole vyake vinne baina ya mbao mbili, vinavuta, na mbao zile hazisogei. Nikapiga teke paleti. Nikapiga tena. Wallahi sijawahi kukichukia kitu nilichokijenga mwenyewe kama pale.

Vile vidole vikaachia.

Mzee akachomeka reki ya bustani chini ya sofa, akainua huku mie navuta, likaanguka ubavu. Nikaingiza mkono, nikashika ukosi wa koti, nikamburura nje kwa tumbo. Nywele za mbele hazipo. Mke wangu alikuwa keshafika na ndoo, akammwagia maji kichwani, akamkalisha kwenye majani. Shemeji akatapika, akavuta pumzi, akajaribu kunicheka. Hakuweza.

Watu wale wa mbele hawakujua kitu. Waliendelea kupiga makofi, na moto ule uliwaka vizuri kupita wote uliowahi kuwashwa mtaani, walikuja kunipa mkono mmoja mmoja kuniambia. Mie niliupa mgongo. Nilichuchumaa mbele ya shemeji nikisikiliza kifua chake, na kila alipokohoa mke wangu alinyanyua macho, akanitazama.