Ukurasa wa Pili wa Ripoti

Ukienda steshenari ya Eunice pale Ngokolo, usimwambie akupunguzie karatasi. Atachapa ripoti nzima hata ukinuna, na sababu anayo.

Pamoja na fotokopi na picha za pasipoti, Eunice hutuma meseji za mkupuo: za shule, za makanisa, na za kikundi cha kuzikana cha kijiji kimoja nje ya mji wa Shinyanga. Kikundi kina watu mia mbili na kumi na mbili. Zamani msiba ulitangazwa nyumba kwa nyumba. Siku hizi mwenyekiti, Mzee Maige, anampigia Eunice simu, Eunice anabonyeza, kisha anamchapia ripoti, basi. Asiyetokea mazikoni anatengwa: hasalimiwi, haazimwi jembe, na akifiwa anazika mwenyewe.

Siku moja Lusia, mjane wa kijiji hicho, aliingia dukani amekaza uso. Alikuwa amekwenda Buseresere kumchukua mama yake mgonjwa, akakaa siku tatu, simu imezima. Huku nyuma jirani akazikwa.

"Kesho wananitenga," alisema. "Mwenyekiti ana karatasi yako. Anasema meseji ilinifika, nikapuuza. Mama hali yake mbaya. Akifa, nitamzika na nani?"

Eunice alifungua ripoti ile kwenye kompyuta. Juu kabisa: Imetumwa, 212. Hapo ndipo Mzee Maige alipokomea, akajiona hakimu. Imetumwa maana yake mtandao umeipokea meseji kutoka kwa Eunice, hakuna zaidi. Zilizoingia kwenye simu za watu zipo ukurasa wa pili: Imefika, 187. Chini yake, Muda umeisha, 25. Hizo ni simu zilizozimwa, mtandao ukangoja siku mbili, kisha ukaitupa meseji. Kwenye orodha hiyo Lusia alikuwa wa tisa. Hebu niambie, mtu anapuuzaje kitu ambacho hakijamfikia?

Kesho yake alifunga duka mchana kweupe, akapanda bodaboda mpaka kikaoni.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba, mwanangu. Umetuletea ushahidi?"

"Nimeleta nusu uliyoiacha. Wewe mtu mzima, unataka kumtenga mjane kwa karatasi ambayo hukuimaliza kuisoma?"

Watu wakaguna. Eunice hakujali. Aliwasomea safu kwa safu, akaeleza kutumwa ni nini na kufika ni nini, mpaka Mzee Maige akavua miwani na kusema Lusia hana kosa. Lusia akajifuta macho kwa kanga. Eunice akaanza kukunja karatasi zake, kifua mbele.

Ndipo aliposimama Mzee Theonest, kutoka benchi la mwisho. Mwaka jana alitengwa kwa karatasi kama ile ile. Mkewe alipofariki, kaburi alilichimba yeye na wanawe wawili, na majirani wakatazama kutoka milangoni mwao.

"Binti," alisema taratibu, "na ile karatasi yangu ilikuwa na ukurasa wa pili?"

Eunice alitafuta pa kutazama. Miaka miwili alikuwa akiwapa ukurasa wa kwanza tu, abane matumizi ya wino.

"Ulikuwepo, mzee," alisema. "Sikuuchapa."