Java Mpya na Matuta ya Jirani

Wiki iliyopita nilipanga foleni kwenye ofisi moja ya ardhi hapa Kasulu, nyuma ya mama mmoja kutoka Nyakitonto. Jirani yake alikuwa amepitisha matuta ya maharage ndani ya shamba la mama huyo, naye mama alitaka nakala ya ramani akamwonyeshe.

Karani alitugeuzia kompyuta. Kiduara kilikuwa kinazunguka tu.

“Mama, mfumo wetu wa nyaraka tumeuwekea Java mpya. Ndiyo injini yake. Sasa haufunguki.”

“Ya zamani ilikuwa na tatizo gani?”

“Haikuwa na tatizo. Ilikuwa imepitwa na wakati.”

Mama alijitazama kuanzia kandambili hadi kitenge. “Hata mimi nimepitwa na wakati, mwanangu, na bado nalima. Si mrudishe ile?”

Karani alijikuna kisogo. “Maelekezo ya kuirudisha tuliyaskani. Yamo humohumo kwenye mfumo.”

“Basi niandikie hayo uliyosema. Na mhuri upige.”

Karani akaandika mistari miwili: ofisi inaboresha mfumo, na kwa sasa haiwezi kuona ramani yoyote. Akaupulizia mhuri pumzi, akaugonga hadi kalamu zikaruka.

Jana nimemkuta mama huyo sokoni. Nikamuuliza kama ramani imepatikana.

“Ya nini tena? Jirani hakusoma hata neno. Aliona mhuri, kesho yake akarudisha matuta.”

Nikapita tena pale ofisini. Kiduara bado kinazunguka, na foleni imefika barabarani: watu wanaomba barua ya kwamba mfumo haufunguki.