Grafaiti Ukweni Asembo Bay

Nianze kujicheka mwenyewe kabla hamjanicheka, maana aibu niliyoipata ukweni Asembo Bay, miaka ile ya themanini, hata nikioga ziwa lote haitoki.

Wakati huo nilikuwa kibarua kwenye kiwanda cha kuyeyusha vyuma chakavu pale Kisumu (kazi nilikuwa nabadilisha kama shati, msiniulize), na mle ndani mlikuwa na nguzo nyeusi zinazopitisha umeme mpaka chuma kinakuwa uji, zenyewe haziyeyuki. Nikamsumbua fundi kwa maswali hadi akaniambia ni grafaiti, ndugu ya ile nyeusi ya ndani ya penseli, hutengenezwa kwa masalio ya mafuta na lami, huokwa, kisha hupitishiwa umeme mpaka joto liwe la kutisha, na ikiiva huteleza kama sabuni. Akanipa kipande kilichovunjika. Nikakisaga, nikafunga unga kwenye karatasi, nikatia mfukoni.

Jumapili nikaenda kwa kina Atieno, mchumba wangu, pamoja na Omondi, mshenga wangu, ili wazee waamue kama mtu aliyeacha shule na asiyetulia mahali anafaa kupewa binti. Omondi alinionya njiani: kaa, nyamaza, kula kidogo, na mama mkwe usimguse hata kwa bahati mbaya, ni mwiko. Ningeyaweza yote, ila mlango wao ulilia kama punda mwenye njaa, na Mzee, baba yake Atieno, akalalamika kwamba akiupaka mafuta unashika vumbi.

"Baba, dawa ninayo," nikasema. (Omondi alinikanyaga mguu. Sikuelewa.)

Nikatia unga kwenye bawaba, mlango ukanyamaza kweli, Mzee akatabasamu, basi kichwa kikanivimba, nikaanza kuhubiri jinsi grafaiti ilivyo tabaka juu ya tabaka, jinsi yanavyotelezeana, na kwamba haichafui kama oili, huku najipangusa jasho usoni. Watu wakanitazama kimya, nikadhani elimu inawaingia. Kumbe uso ulikuwa mweusi kama sufuria ya ugali, na mkwe hachekwi mbele ya watu!

Karatasi niliiacha wazi kwenye kiti, upepo wa ziwa ukaumwaga unga uliobaki juu ya sakafu nyekundu iliyosuguliwa polishi. Mama Atieno akaingia na sinia la samaki aina ya ngege, amevaa gauni lake jeupe la kanisa.

Akateleza. Sikufikiri. Nikamdaka kiunoni kwa mikono miwili, sinia likaenda zake, ngege wakaogelea hadi chini ya viti.

Nilipomwachia, viganja vyangu vilibaki kwenye gauni, vidole vyote. Shangazi mtu akakimbilia maji, akasugua, alama zikazidi kutanda.

Omondi akaninong'oneza, "Bwana, twende tutafute kwingine."

Lakini Mama alijitazama, akanitazama uso, akasema, "Angeogopa mwiko, saa hii mngekuwa mnanibeba hospitali. Mpeni huyu sabuni. Na kioo."

Mzee ndiye aliyeshindwa kwanza. Alicheka hadi akashika ukuta, nyumba nzima ikamfuata.

Nilitoa mbuzi wa kuondoa mwiko, nikanunua gauni jipya, na Atieno nikapewa, tena anaisimulia hadithi hii vizuri kuliko mimi. Udadisi sijauacha. Ila niliapa: jambo jipya nikijifunza, nitalijaribu kwangu kwanza, nimevaa shati kuukuu, wakwe wakiwa mbali.