Kidonge Kipya na Bata wa Chanika

Nimefundisha baiolojia miaka mingi, lakini mkono wangu wa kulia ulipoanza kutetemeka nilisema ni chai nyingi. Nilipoanza kuburuta mguu nikalaumu viatu. Mke wangu ndiye aliyenikokota hadi kliniki moja hapa Kinondoni. Daktari, mama wa makamo, alisimama aliponiona.

"Shikamoo, mwalimu."

Kumbe nilimfundisha. Akanipima, akasema nina Parkinson: ubongo wangu umepungukiwa na dopamini, kemikali inayosaidia mwili kujongea vizuri. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayejua.

"Ile mada ya ubongo uliiruka," akasema kwa upole. "Ulituambia tukajisomee."

Dawa ya kwanza, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini, ilinitapisha kila asubuhi. Akanibadilishia nyingine, inayojifanya dopamini. Hiyo ilinikubali! Nikawa nafunga vifungo vya shati mwenyewe. Nikajiona kijana. Nikanunua bata.

Tuna kiwanja Chanika, na kibanda cha kupumzikia chenye jiko dogo. Nilianza na bata wawili. Wiki iliyofuata nikaongeza wanne. Kila nikiona bata anauzwa, mwili wote unasisimka kama naitwa na mchumba. Nikamwambia mke wangu huo ni mradi wa uzeeni, nikamchorea na ramani ya bwawa. Jirani akanisifu, basi nikanunua wengine kwa ajili ya zile sifa.

Siku ya kurudi kliniki daktari akauliza, "Kuna tabia yoyote mpya?"

"Hakuna," nikajibu.

"Bata," akasema mke wangu.

"Wangapi, mama?"

"Sijui. Wanaingia mpaka jikoni."

Daktari hakucheka. Alieleza kwamba dopamini ndiyo pia inayotutamanisha vitu, na dawa ile huwasukuma baadhi ya wagonjwa kununua, kubeti, hata kula bila breki. Niliona aibu, na zaidi ya aibu niliona uchungu: nilishaamini nimegundua kipaji cha biashara.

Akaipunguza taratibu, akanirudisha kwenye ile ya kwanza kwa dozi ndogo, pamoja na kidonge cha kuzuia kichefuchefu. Sasa mkono hunitetemeka kidogo jioni. Bata tumewagawa kwa majirani.

Juzi muuzaji alinipigia simu, ana dume zuri. Nikamwambia nimeacha kabisa. Halafu nikamuuliza ana rangi gani.