Kifaranga wa Miguu Mitatu

Pale kwenye chumba cha uchapaji walimwita Mama Kadi, kwa kuwa hakuna kadi iliyotoka pale bila kupita mikononi mwake. Za harusi, za rambirambi, za kuzaliwa, zote zake. Lakini kazi yenyewe hasa ilikuwa wakati wa Kwaresima, maduka yote yalipotaka salamu za Pasaka kwa mkupuo. Huyu anataka msalaba na mayungiyungi, yule anataka kaburi tupu na jua linachomoza nyuma yake, muuza viatu naye anataka mayai ya rangi yamepangwa ndani ya kiatu cha kike. Mama Kadi alimpa kila mtu alichotaka, hata yule wa viatu, ingawa alicheka mpaka akashika mbavu.

Kifaranga alikuja katika hekaheka kama hizo. Shule zilikuwa zimefungwa, naye hakuwa na mtu wa kumwachia binti yake, mtoto wake wa pekee, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza darasa la kwanza. Akaenda naye kazini, akamkalisha pembeni ya meza na karatasi zilizoharibika mashineni na penseli za rangi. Jioni mtoto akamletea mchoro: kifaranga anatoka kwenye yai, kipande cha ganda kimemkaa kichwani kama kofia, na chini miguu mitatu.

"Huu wa tatu ni wa nini, mama?" Mama Kadi akamuuliza.

"Wa akiba," mtoto akasema. "Akichoka."

Bosi, mzee mpole ambaye husoma kila kitu kwa kukisogeza karibu na pua, aliuangalia ule mchoro akatabasamu muda mrefu. Ikawa kiwanda cha mikate nacho kinatafuta picha ya kuweka kwenye maboksi ya keki za sikukuu. Mama Kadi akamchora upya kifaranga kwenye kompyuta, mstari kwa mstari, akaiacha miguu yote mitatu. Chini akaandika Pasaka Njema. Watu wakampenda yule kifaranga kuliko keki yenyewe. Mwaka uliofuata akawa kwenye maboksi, kwenye mifuko, kwenye salamu za simu, na kwenye bango kubwa ukutani mwa kiwanda. Binti akawa anakwenda shule kifua mbele.

Alipofika darasa la tatu, aliamka siku moja na homa, shingo imekakamaa. Wakamkimbiza hospitali. Madaktari walifanya waliloweza, lakini wiki haikuisha.

Baba yake, fundi wa kuchomelea mageti, alimzika mwanawe kimya, na kile kimya akarudi nacho nyumbani. Jina la mtoto halikutajwa tena. Si kwamba mke na mume waligombana. Walikula pamoja, wakaulizana habari za kazi, wakacheka hata vituko vya majirani. Ila mazungumzo yakielekea kwa mtoto, mmoja wao huinuka kwenda kuchota maji ya kunywa.

Na kila Kwaresima kifaranga alirudi. Mawifi walimtuma kwenye simu bila kufikiri, na majirani waliohamia karibuni walimtuma bila kujua. Pasaka njema, maisha mapya. Kanisani walipoimba kwamba kaburi li wazi, Mama Kadi alisimama na wenzake, midomo inacheza, sauti haitoki. Hakuwa ameacha kuamini. Ila ile ahadi aliiona iko mbali mno kwa mtu anayemtaka mwanawe leo hii, aingie mlangoni na sare yake chafu, adai chakula.

Mumewe, siku hizo za sikukuu, alitoka asubuhi bila kusema aendako. Mama Kadi akajua moja kwa moja kwamba anaikimbia ile picha. Akamwonea huruma, akahakikisha hakuna boksi la keki linaloingia nyumbani.

Kisha mwaka mmoja akaja afisa masoko mpya wa kile kiwanda, msichana mwenye adabu zake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."

"Tuna marekebisho madogo tu. Yule kifaranga ana mguu umezidi. Mkurugenzi anasema ni kosa, wateja wataona hatuko makini."

Bosi akakohoa mezani kwake. "Binti, hiyo picha..."

"Mwache, mzee," Mama Kadi akasema.

"Au kama mama una kazi nyingi, ofisini kwetu wapo wa kuufuta. Ni mara moja tu."

"Hapana. Nitaufuta mimi."

Hakutaka mkono wa mtu mwingine umguse. Msichana alipoondoka, akaifungua picha, akaanza kuufuta ule mguu polepole kuanzia kwenye kucha, kama anayemvua mtoto soksi bila kutaka kumwamsha. Alipomaliza alikwenda chooni, akafungulia bomba, akaacha maji yaendelee kutoka.

Jumamosi, kesho yake ikiwa Pasaka, mumewe alirudi nyumbani mapema. Mama Kadi alikuwa anachambua mchele. Yule bwana alisimama mlangoni na mabuti yake.

"Nani kaukata ule mguu?"

"Mguu gani?" mkewe akauliza, ingawa alishaelewa.

"Kwenye bango la kiwandani."

"Mimi. Walisema ni kosa."

"Na wewe ukakubali?"

"Sikutaka aukate mtu mwingine."

Mumewe akavuta kiti akakaa. Mama Kadi akaweka sinia chini. "Na wewe ulifuata nini kule? Si njia yako."

"Huwa nakwenda kila Pasaka. Nasimama ng'ambo ya barabara namwangalia, halafu narudi. Mlinzi ameshanizoea, anadhani natafuta kibarua."

"Mimi nilidhani unamkimbia."

"Mimi nilidhani wewe umeshapoa. Si unashinda naye kwenye hiyo kompyuta?"

Safari hii hakuna aliyeinuka kwenda kuchota maji.

"Hebu nielezee," mume akasema. "Siku ile alipomchora. Mimi sikuwepo."

Akamweleza: alivyokaa, penseli aliyoing'ang'ania, alivyosema ule mguu ni wa akiba. Hilo baba alikuwa halijui. Alidhani miaka yote kwamba mtoto alikosea kuhesabu. Aliinama akafunika uso kwa viganja vilivyojaa makovu ya moto, na mchele siku hiyo haukupikwa.

Jumatatu ya Pasaka walikwenda makaburini pamoja, jambo ambalo hawakuwa wamelifanya tangu siku ya mazishi. Nyasi zilikuwa zimepanda mpaka zimeficha msalaba. Baba akashika jembe akaanza kupalilia upande wa kichwani. Maandishi yalipoonekana, akalisoma jina la mwanawe kwa sauti. Akalirudia, kisha akashindwa kuendelea. Mama Kadi akalichukua jembe mikononi mwake, akapalilia upande uliobaki.