Msukuma machela aliyemwambia binti yake ‘nisubiri kidogo’

Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi asubuhi. Mwanamume wa miaka arobaini na saba anafungua breki ya kitanda cha magurudumu, anainamisha mgongo na kuanza kukisukuma kwenye njia ya kupanda inayounganisha wodi ya upasuaji na chumba cha picha. Kitandani amelala bibi aliyevunjika nyonga, macho ameyafumba.

"Taratibu, mama. Hapa kuna kona, tunaipita taratibu," anamwambia, kisha anakunja kona bila kumtikisa.

Kwa neno hilo moja wauguzi wamempa jina, na sasa hata daktari mkuu humwita Mzee Taratibu. Amesukuma vitanda na machela katika hospitali hii kwa miaka kumi na tisa. Lifti iliharibika mwaka juzi na haijatengenezwa, hivyo kila mgonjwa hupitishwa njia hiyo ya kupanda. Simu yake imempimia: zamu moja ni kilomita kumi na nne.

"Hizo kumi na nne ndizo zilizonidanganya," anasema, akiwa amekaa kwenye benchi nje ya chumba cha machela. "Nikajiambia, mtu anayetembea hivi kila siku, mbio zitamshinda nini? Kumbe kutembea ni kutembea na kukimbia ni kukimbia."

Nimekuja Jumatano. Ijumaa usajili wa mbio ndefu za mji, kilomita arobaini na mbili, unafungwa. Fomu anayo, hajaijaza. Zimebaki wiki saba, na kwa ratiba ya sasa ana asubuhi mbili tu za mapumziko kila wiki, kwa sababu wasukumaji wawili wamestaafu na hakuna aliyeajiriwa badala yao.

"Asubuhi kumi na nne," anasema. "Nimezihesabu mpaka vidole vimechoka. Hazizidi."

Angekuwa mtu mwingine, angeichana fomu na kurudi kazini. Lakini aliyemletea fomu hiyo ni binti yake, kifungua mimba, na mwaka juzi walikimbia mbio hizo hizo pamoja.

Binti alikuwa na miaka kumi na tisa, ametoka kumaliza sekondari. Chuo kimoja cha ualimu wa michezo kilikuwa kinachukua wasichana wachache bila ada, kwa sharti moja: mtu awe amemaliza mbio hizo chini ya saa nne. Alifanya mazoezi miezi minane. Alikuwa akiamka kabla ya jogoo, anarudi viatu vimelowa umande, anakunywa chai amesimama.

Baba aliahidi kukimbia naye. Kila wiki alisema ataanza wiki ijayo.

"Mara zamu, mara mvua, mara mgongo," anasema mkewe, fundi cherehani, bila kuinua macho kutoka kwenye pindo analoshona. "Nilimwambia, mume wangu, mwache mtoto akimbie, wewe kamsubiri mwisho wa mbio. Akaniambia sijui mbio. Kweli sijui. Lakini yeye namjua."

Zilipobaki wiki tano, ndipo alipoingia barabarani. Alikimbia mara tisa tu. Ndefu kuliko zote ilikuwa kilomita kumi na mbili, na siku ya pili yake alishuka ngazi kinyumenyume, wauguzi wakimcheka.

Siku ya mbio, baba na binti walianza vizuri. Nusu ya njia waliifikia kwa saa moja na dakika hamsini na mbili. Watu kando ya barabara walipiga makofi, na yeye, kwa maneno yake mwenyewe, alivimba kichwa. "Nilikuwa najiona. Nilitaka kila mtu ajue yule ni binti yangu, na mimi ndiye baba, niko sambamba naye."

Kilomita ya ishirini na sita, msuli wa paja ulikaza. Akaanza kuchechemea. Binti akapunguza mwendo. Wakatembea kilomita moja hadi kwenye meza ya maji, na hapo binti akamuuliza, "Baba, niende?"

Mzee Taratibu anazungusha pete kidoleni.

"Muda ulikuwepo. Angeondoka pale, angewahi. Nilijua. Nikamwambia, nisubiri kidogo, unaachia huu." Anapangusa uso kwa kiganja. "Haukuwa unaachia. Niliogopa kubaki peke yangu, nikifika mwisho wa watu, nachechemea. Hiyo ndiyo sababu. Nyingine zote nilizowaambia watu nilizitunga."

Binti alimsubiri. Walimaliza wameshikana mikono, kwa saa nne na dakika arobaini na nne. Mpiga picha aliwapiga, na jirani aliikuza picha hiyo akawaletea kama zawadi. Ipo sebuleni, juu ya televisheni. Wageni huisifu, na yeye humshukuru kila anayeisifu.

Chuo kilijibu kwa barua ya mistari mitatu. Binti aliisoma, akaikunja, akaiweka ndani ya kitabu. Mwezi uliofuata alipata kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi, ya kupima misumari na kuandika risiti. Viatu vya mbio vilikaa chini ya kitanda zaidi ya mwaka mzima. Hakulalamika hata siku moja.

"Angenigombeza ningepona," anasema baba.

Mwanzoni mwa mwaka huu akavitoa. Chuo hakipokei aliyetimiza miaka ishirini na mbili, kwa hiyo hii ni nafasi yake ya mwisho. Ndipo akaja na fomu mbili, akamwambia baba yake, "Tukimbie tena." Mzee Taratibu hakujua kama mtoto anamtaka kweli au anamhurumia.

Nilipomuuliza Jumatano hiyo kama atajaza fomu, alisema, "Moyo unataka nikarekebishe. Lakini nikijiuliza vizuri, ni mimi tena ninayetaka kuonekana."

Nilirudi wiki tatu baadaye, Jumatatu jioni. Nilimkuta nyumbani, amepumzika, na binti amekaa mlangoni akikaza kamba za viatu. Wote wawili walinisimulia yaliyotokea Alhamisi ile, siku moja kabla usajili haujafungwa, huyu akimsahihisha yule.

Baba alimngoja binti atoke kazini, wakatembea pamoja kurudi nyumbani. Njiani alimwambia kwamba hatakimbia. Kisha akamwambia lile la pili: kwamba kwenye meza ya maji alijua muda upo, na alimzuia makusudi.

"Nikasema, nilijua, baba," binti ananieleza. "Saa ilikuwa mkononi mwangu."

"Nikamuuliza, mbona hukwenda?" anasema baba.

"Ulisema nikusubiri. Nikakusubiri."

Walitembea mpaka nyumbani, binti ametangulia hatua mbili. Mama mtu aliwaona wanaingia hivyo, akawatengea chakula, hakuuliza kitu. Aliniambia baadaye, "Wahenga wanasema majuto ni mjukuu. Basi huyu wetu amezaliwa mapema, hata harusi hatujala."

Kesho yake, Ijumaa, binti alipeleka fomu moja. Tangu hapo, asubuhi mbili za mapumziko baba humsindikiza kwa baiskeli ya kuazima, akimbebea maji. Jana binti alikimbia kilomita thelathini na mbili kwa mwendo mzuri.

Nikamuuliza Mzee Taratibu kama siku ya mbio atasimama barabarani kumshangilia. Akamtazama binti yake.

"Nimemwomba asije," binti akajibu kwa sauti ya chini. "Nikimwona nitasimama. Najijua."

Akainuka, akajinyoosha, akatoka. Tulimsikia akishuka ngazi, kisha hatua zake zikapotea barabarani.

"Nimeomba zamu siku hiyo," baba yake akasema. "Nitakuwa nasukuma wagonjwa, nitachelewa kupata habari. Ila amekubali kunipigia mwenyewe akimaliza. Sitamuuliza amekuwa wa ngapi. Anitajie muda tu, na hesabu ya saa ianze na tatu."